Kijana wa Kwenye Bango

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe kitindamimba acha kunipangusa uso kama sahani. Akili zangu ninazo.

Nyumba ni yenu wawili. Cherehani ni ya kitindamimba, maana dada yako hata kifungo kikimdondoka hukimbilia kwa fundi. Lakini chumba cha mbele hakipangishwi, na sababu ni mwenzenu wa katikati, aliyetutangulia kaburini.

Kundi la vijana la kanisani nililianzisha baada ya kuzika wanafunzi wangu wawili, mmoja pombe, mmoja unga wa kulevya. Kila Jumamosi tuliimba, tukaomba, kisha kijana aliyeacha akapanda mbele kutoa ushuhuda. Mwenzenu alipoacha unga, hakuna aliyesimulia kama yeye. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Tukamzungusha shule kwa shule, mchungaji akamchapishia mabango, meno yote nje: "Yesu Ameniweka Huru". Nami, msomi wa chuo kikuu nisiyevumilia maigizo, nikawa nakaa kiti cha mbele nikijipepea kama mama wa bibi harusi. Hakuna aliyejiuliza, huyu akianguka atamwambia nani?

Wewe kifunguamimba uliniambia. Ulitoka zamu, ukasimama jikoni na sare yako ya unesi, ukasema, "Mama, huyu amerudia. Mtazame macho." Nikakujibu, "Wivu huo. Wewe nani amekuchapishia bango?" Miaka tisa hujalitaja neno hilo, na kila unaponigeuza kitandani hapa nalisikia. Nisamehe, mwanangu. Usijibu sasa, utajibu ukiweza.

Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe, nikimpigia pasi shati jeupe.

"Mama, leo nisiseme."

"Utasema. Watu wamekodi mabasi mawili kuja kukusikia."

"Basi nikae nyuma tu, niombewe kama wengine."

Nikamvisha shati, nikamfunga vifungo mimi mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na tisa. Alisema vizuri kuliko siku zote. Kesho yake, waliokwenda stoo kutoa viti vya ibada walimkuta humo, amekwisha poa, shati lile lile mwilini, bango moja amelikunja chini ya kichwa kama mto.

Mchungaji akatangaza ugonjwa wa ghafla, nami nikaitikia kwa kichwa. Bango jingine mpaka leo limo ukumbini, na watoto wa watu wanaambiwa wawe kama yeye.

Sasa shikeni hili. Siku ya kunizika, kabla jeneza halijafungwa, literemsheni bango lile la ukumbini. Wewe kifunguamimba uwaambie vijana kwamba ni unga uliomwua, na kwamba shati nililipiga pasi mimi. Mchungaji atanuna, mwacheni anune. Na mtu asisimame kunisifu.

Chumba cha mbele wekeni birika la chai, viti vichache, mlango unaofungika. Jukwaa msiweke. Kijana akianguka mara ya kumi, aingie aseme, msimpigie makofi, msimpige picha. Ombeni naye polepole, Mungu si kiziwi...

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Leteni mikono yenu. Bwana awalinde, wanangu, awape... awape masikio, mimi sikuwa nayo. Mkae pamoja. Na atakayegonga... msimwulize alikotoka. Mpeni kiti.

Cha nyuma... akitaka cha nyuma.