Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Kati, Mpimaji wa Rimu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa nane mchana, Mzee Kati atakabidhi funguo za stoo ya rimu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Msimamizi alinipa mimi, Mjomba wenu, ukurasa huu wa kumuaga kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna mwenye mdomo kunizidi hapa karakanani. Sikatai. Shule niliiachia darasa la sita, lakini stori hazijawahi kuniishia.

Kati si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kazini, kwa kuwa kila anachokishika hukitafutia kati yake kwanza. Kikombe cha chai anakiweka katikati ya meza kabisa, utadhani amepigia rula. Mkewe anasema hata kitandani analala katikati, yeye shemeji yetu anaachiwa ukingo.

Tulianza kazi wiki moja. Mimi nilimtangulia kwa siku nne, kwa hiyo kwa haki mimi ni mkubwa wake, na sijamwacha asahau. Karakana wakati huo ilikuwa banda moja na pikapu nane za zamani juu ya matofali, zote zinangoja magurudumu. Gari jipya halina taabu, rimu zake zinajulikana. Lakini pikapu ya miaka arobaini imepita mikono kumi. Huyu kabadilisha habu, kile kitovu chenye boliti za gurudumu, yule kaweka ekseli ya gari lingine, na kitabu chake kimeliwa na panya. Hapo huulizi mtu, unapima.

Kupima kwenyewe, yaani upana wa duara la boliti, ni hivi, kwa wale wa ofisini ambao hawajawahi kuchafuka mikono. Boliti zikiwa nne, sita au nane, kila moja ina mwenzake anayeitazama upande wa pili, basi unapima kati ya hii hadi kati ya ile. Boliti tano ndizo zenye kiburi. Hakuna inayomtazama mwenzake. Unapima boliti na jirani yake, ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kushoto, halafu unazidisha kwa moja nukta saba. Na unapima kwa kalipa ya chuma, yenye meno mawili na inayosoma hadi sehemu ya milimita, tepu ya fundi nguo haifai. Kuna rimu ya duara la milimita mia moja na ishirini, na kuna habu iliyoizidi kidogo, nusu milimita na ushee. Ukizilazimisha zitaingiana, nati zitakaza, gari litaondoka. Ndiyo maana Mzee Kati, kabla ya kutia sahihi kitabu cha kazi, alikuwa na swali moja kwa kila fundi: imekaa, au imeingia tu?

Nikianza kusimulia aliyoyafanya hatutamaliza leo. Aliwahi kuletewa nati moja ndani ya bahasha, mwenye gari yuko safari ya siku mbili kutoka hapa. Akaizungusha kidoleni, akasema pikapu ni ya boliti sita, iligongwa nyuma, na mwenyewe ana haraka ya kuoa. Yote yakawa kweli. Mara nyingine alipima rimu ikiwa bado inabingirika uani. Waliobisha wameshahama kazi, kwa hiyo shahidi nimebaki mimi.

Hata ukinitoa mimi na chumvi yangu, kazi yake inaonekana kwa macho. Ukutani stooni kuna vigezo arobaini na vitatu vya mbao nyembamba, kimoja kwa kila mpangilio wa boliti uliowahi kupita hapa. Alivikata na kuvitoboa mwenyewe, na mafundi wa karakana nyingine huja kuviazima. Ile stoo ilikuwa lundo la vyuma. Leo unaingia gizani, unanyoosha mkono, unatoka na rimu uliyoitaka.

Sasa naomba tuache mzaha.

Tangazo la ubaoni linasema Mzee Kati anaondoka miaka mitatu kabla ya wakati kwa sababu ya macho. Kwenye chai mnasema zaidi ya hapo. Mnasema macho yake ndiyo yaliyomvunja mguu seremala. Nimekaa kwenye chai hiyo wiki tano, nimeyasikia, na nimekunywa chai yangu.

Ukweli ni huu. Seremala alileta pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake, ya boliti tano, akataka rimu nyingine kwa sababu za zamani zilikuwa zimeoza. Mzee Kati alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia limefungwa bandeji, amekaa kwenye kiti mlangoni kwa amri ya daktari. Rimu nilizitafuta mimi. Kupima nilipima mimi. Kalipa ilikuwa kabatini, hatua ishirini, nikaona ya nini, mtu wa miaka yangu. Nikachukua tepu. Rimu ya tatu ilikataa kidogo, nikaisukuma kwa goti na kukaza nati. Mzee akaniuliza kutoka pale kwenye kiti swali lake lile lile. Nikamjibu, "Imekaa, Mzee." Akatia sahihi kwa jicho moja, kwa neno langu.

Siku ya nne, kwenye mteremko, gurudumu la mbele kushoto, lile la rimu ya tatu, lilichomoka. Pikapu iliingia mtaroni na mbao zake zote. Seremala alivunjika mguu mahali pawili, juu ya goti na chini yake.

Kwenye kikao msimamizi alifungua kitabu cha kazi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na kabati, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na la kusema. Nilisubiri Mzee anitazame ili nianze. Hakunitazama. Alisema, "Sahihi ni yangu. Niandikeni mimi." Kesho yake akaleta barua ya kuondoka. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na yeye hakunidai neno. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi kama kawaida. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, zile salamu.

Ukurasa huu niliuandika kwanza wa kuchekesha mtupu. Nikauchana. Huu wa pili nilimpelekea msimamizi. Aliusoma mara mbili, akasema uchapwe kama ulivyo, na kwamba mimi na yeye tutaonana Jumatatu baada ya kuagana; haya ya mwisho nimeyaongeza baadaye. Akamwita Mzee, akamwambia barua yake anaweza kuichukua. Mzee alikataa. Alisema amechoka, na kwamba stoo ya kukaa unaogopa jicho lako mwenyewe haina raha tena.

Jioni hiyo nilikwenda kwao. Mkewe ndiye aliyemsomea ukurasa, polepole, mimi nimeinamia mkeka. Alipomaliza, shemeji hakunikaribisha chakula, na ana haki. Mzee akaniuliza, "Seremala umeshamwambia, Mjomba?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilidhani kuandika kunatosha.

Nilikwenda Jumapili. Seremala alikuwa amelala kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, mguu juu ya mito, anapiga msasa mguu wa stuli. Nilisema yote. Hakupandisha sauti. Alisema amemlaani mtu asiye na kosa wiki tano nzima, na mkewe amemnunia mke wa Mzee Kati kisimani na sokoni, na sasa atayarudisha vipi maneno yale. Alisema Ijumaa atakuja kwa magongo yake kumpa Mzee mkono. Ameomba kiti chake kisiwekwe karibu na changu.

Tumekiweka mstari wa mbele.

Mzee Kati, wenzako wote wa karakana tunakushukuru kwa magurudumu yote yaliyofika yalikokuwa yanakwenda, ambayo hakuna aliyeyahesabu kwa kuwa hayakuleta habari. Tunakuombea jicho la kushoto lipasuliwe salama kama la kulia, usingizi mzuri, na siku nyingi za kukaa nyumbani na shemeji, umgawie kitanda. Unaondoka na jina safi. Doa ni langu, na nabaki nalo hapa kazini kwa muda nitakaoachwa nibaki.