Neno la Kwanza Lilikuwa Barafu

Asalaam aleikum, ndugu zangu, nanyi mliotoka kanisani mkaja hapa moja kwa moja, karibuni sana Kisauni. Mimi nakaa Magogoni, na huyo mliyemwona akinishika mkono pale ngazini ni mke wangu. Wengine mwamjua kwa mahamri anayowaletea. Leo nimeombwa niwaeleze yaliyonipata tangu nipigwe na kiharusi, nami nitajaribu.

Kazi yangu ni kuchora maghala. Kabla ya kiharusi nilikuwa nachora ghala la baridi huko Miritini, la kuwekea samaki, kuku na mboga zilizogandishwa. Lilikuwa ghala la kujiendesha lenyewe: rafu zafika darini, na katikati yake mashine inakwenda juu ya reli, inapanda, inachukua kreti na kuileta mlangoni bila mtu kuingia. Niliipenda kazi ile. Nimewaona vijana wanaoshinda ndani ya baridi namna hiyo, wakitoka midomo imekufa ganzi, kikombe cha chai hawawezi kukishika. Nilitaka wao wakae nje, mashine iteseke peke yake.

Basi, alfajiri moja natawadha, mkono wa kulia ukanilegea. Nikataka kumwita mke wangu. Sauti ilitoka, jina lake halikutoka.

Ndugu zangu, nawaambia, mguu ulirudi mapema. Ulimi ndio uliokataa. Kichwani nilijua kila kitu. Nataka maji, nasema "mlango". Nataka shuka, nasema "mlango". Mliopitia haya mwaijua hasira yake. Mke wangu alikuwa akiniletea kimoja kimoja mpaka apatie, na mimi nalia kama mtoto. Wakija wageni nageukia ukutani. Kazini wakamkabidhi michoro mwenzangu, binti mmoja wa bara tuliyekuwa tukifanya kazi naye. Sikuwalaumu. Ghala haliwezi kumngoja mgonjwa.

Yule binti akaanza kuja nyumbani kila Jumamosi. Akifika hunisalimu shikamoo, hutandaza michoro juu ya kitanda changu na kunieleza walipofika, kana kwamba tuko ofisini. Jumamosi za mwanzo nilifumba macho. Siku moja alipokwisha kuondoka, nikafanya ishara kwa mkono kwamba asije tena. Mke wangu akaketi ukingoni mwa kitanda, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake, akasema, "Huyu haji kukuonea huruma. Yuwaja kwa sababu yuwakuhitaji. Mwache aje."

Nikamwacha aje. Na safari iliyofuata nikafumbua macho.

Siku moja akaleta mchoro mpya. Akanieleza kuwa wenye ghala wametaka nafasi zaidi ya rafu, kwa hiyo kile chumba kidogo nilichokiweka kati ya mlango wa malori na chumba cha baridi kimeondolewa. Nikaigongagonga karatasi kwa mkono wa kushoto. Mke wangu akadhani naumwa. Akaniuliza kama nataka maji, kama nataka kulala, akanitajia karibu kila kitu kilichomo nyumbani. Yule binti akamgusa bega taratibu.

"Mama, tusimsemee," akasema. "Tumngoje."

Wakangoja. Nyinyi mwajua ilivyo kazi kwa watu wanaokupenda kukaa kimya hivi wakikutazama unavyohangaika. Chai ikapoa. Jasho lanitoka. Nikasema "mlango", na siku hiyo, jamani, ulikuwa ni mlango kweli, lakini nani angejua? Walishauzoea mlango wangu. Nikatikisa kichwa, nikaanza tena. Ba. Ba. Kisha likatoka zima.

"Barafu."

Mke wangu, masikini, akainuka akachukua buibui lake aende kuninunulia barafu kwa jirani. Binti akamzuia, akaniuliza, "Barafu wapi?"

Nikaweka kidole juu ya reli.

Akaiangalia karatasi kwa muda, kisha akaelewa. Hewa yetu ya Mombasa mwaijua ilivyojaa unyevu. Mlango wa malori ukifungukia moja kwa moja kwenye baridi ile, unyevu unaingia na kuganda juu ya reli. Mashine inateleza, inakwama, halafu inabidi mtu aingie mle na nyundo kubandua barafu. Chumba kile kidogo, chenye milango miwili isiyofunguka pamoja, ndicho kilichokuwa kizuizi. Akachukua penseli akakirudisha mahali pake, nami nikimwonyesha kwa kidole. Halafu akalia, mke wangu naye akalia, na mimi nacheka, nasema barafu, barafu, barafu, mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuuliza kuna nini.

Binti akaenda kuwaeleza wenye ghala, nao wakakubali chumba kibaki. Maneno yangu hayakuja mbio. Yalikuja moja moja, barazani, jioni kwa jioni, mke wangu akiwa mbele yangu. Ghala lilipokuwa limefanya kazi kwa muda, walinialika. Wakaisimamisha mashine, wakanivisha koti kubwa, nikainama nikapitisha kiganja juu ya reli. Ilikuwa kavu. Tulipotoka wakaiwasha, ikaleta kreti ya samaki hadi mlangoni, na vijana wakaipokea wakiwa na fulana tu.

Sasa nafanya kazi asubuhi, nachora kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado umelala.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, ambaye hajawahi kuniambia kwamba amechoka, na najua alichoka. Namshukuru binti yule aliyenipa Jumamosi zake. Nanyi mlioketi nyuma, mliowaleta wagonjwa wenu, nina ombi moja. Jioni mkifika nyumbani, mwulizeni mgonjwa wenu swali, kisha nyamazeni. Msimchagulie jibu. Chakula kikipoa kitapashwa moto. Mtu wenu yumo mle ndani, na yuwaja. Mngojeni.