Rubani wa Lifti Anastaafu, Mlango Haufungwi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwendesha lifti wa Jengo la Utawala la chuo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye karatasi za mwajiri ni Mhudumu Daraja la Nne. Sisi wengine, wafanyakazi kwa wanafunzi, tunamwita Rubani, jina alilojibandika mwenyewe siku ya kwanza kazini, alipowatangazia abiria wake wafunge mikanda hadi ghorofa ya sita.

Lifti aliyokabidhiwa ilikuwa ya kale, yenye mlango wa vyuma vya kukunja na mpini wa shaba ambao ukiuachia ghafla unakuacha ukining'inia kati ya sakafu mbili. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: "Lifti hii ni ya maofisa na mizigo tu." Wazee wa karakana wanakumbuka kibao hicho kilipokuwa kikisema Wazungu na mizigo. Bendera ya mkoloni iliposhushwa, aliitwa fundi wa rangi, akafuta neno moja, akaandika jingine, akaenda zake. Hiyo ndiyo historia yetu kwa ufupi. Mkoloni aliondoka akaacha kiti, na aliyekirithi hakuuliza kwa nini wengine wameketi sakafuni. Uhuru ulipanda hadi ghorofa ya sita, ukafunga mlango, ukaagiza chai. Na chai hiyo ikapandishwa kwa miguu.

Rubani hakuwa mtu wa kunung'unika pembeni. Alikisoma kibao, akaona mwanya. Kama mizigo inaruhusiwa, basi kila mfagizi aliyefika na ndoo alipakiwa kama mzigo. "Mzigo mmoja, unavunjika, usipinduliwe!" alikuwa akitangaza, na watu wakicheka mpaka juu. Mbinu hiyo ilidumu miaka, na jengo zima liliihesabu kuwa ushindi.

Kisha akaajiriwa mfagizi kijana, mjamzito, ambaye leo sote tunamjua kwa jina la Mama Pacha. Rubani akamfungulia mlango na kutangaza kama kawaida. Dada yule akaiweka ndoo chini.

"Kaka, mzigo nimeubeba mimi," alisema. "Mzigo si mimi."

Akaichukua ndoo yake, akapanda ngazi.

Siku hiyo Rubani alikitazama kibao upya. Kicheko kilikuwa kimewapandisha watu, lakini kibao kilikuwa pale pale, na kila safari ilikuwa imekiitikia "ndiyo, bwana". Asubuhi iliyofuata aliifunga lifti, akapanda ngazi pamoja na wafagizi. Msajili wa chuo alipomfokea kwa kuacha kituo chake, alijibu kwa adabu zote: "Mzee, kibao kinasema maofisa na mizigo. Ofisa si mimi, na mzigo si mimi. Niwie radhi, nimechelewa kukisoma."

Msajili akaamua kuiendesha mwenyewe. Alikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akatolewa miguu ikitangulia. Wakubwa waliobaki walipanda wakihema, na wafagizi wakawalaki kila kona: "Karibuni ngazini, waheshimiwa. Msiteleze, ndiyo kwanza tumepiga deki!" Rubani akasimamishwa kazi. Wafagizi, wapishi na walinzi wakaketi kwenye ngazi, na hakuna aliyepita. Kabla ya wiki kwisha kibao kiling'olewa, Rubani akarudishwa, na kuanzia hapo kila mtu alipanda akiwa mtu.

Tungependa kuishia hapo, tupige makofi, tule keki. Haiwezekani. Jumatatu inayofuata lifti mpya inafunguliwa. Haihitaji mwendeshaji, inafunguka kwa kadi, na kadi wamepewa maofisa peke yao. Wengine tumeambiwa ngazi hujenga afya. Mama Pacha, ambaye magoti yake yameuacha ujana kwenye sakafu za jengo hili, naye ameambiwa hivyo. Tabaka lile lile limerudi, safari hii bila hata kuhitaji fundi wa rangi. Tunasema waziwazi: kadi kwa wote, au mlango wazi kwa wote.

Utawala ulimpa Rubani kadi ya heshima, ya siku moja, ili apande kwenye sherehe yake. Ameirudisha. Ameongeza kwamba kuanzia Jumatatu hana mwajiri, na asiye na kazi hafukuzwi kazi. Kwa hiyo atakuja na kigoda chake, aketi kwenye kizingiti cha lifti hiyo, na mlango hautafungwa mpaka wafagizi wote wawe ndani.

Rubani, kaka yetu, baba yetu, ahsante kwa kupanda nasi na kwa kukubali kukosolewa mbele za watu. Tunakutakia uzee wenye afya, usingizi mzito na asubuhi zisizo na kengele. Ila Jumatatu usilale sana. Saa moja kamili sisi wanafunzi tutakuwa mlangoni, na kila mmoja atakuja na kigoda chake.