Charito na Taa Mama Isiyowaka

Leo, sikukuu ya mungu Saturno, Charito anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na nne katika karakana ya taa ya bwana Tettius Sura, hapa Mutina. Kama ilivyo desturi ya sikukuu, bwana mwenyewe ndiye anayetugawia chakula sisi wafanyakazi wake. Maharage yameungua kidogo. Tumekula hivyo hivyo.

Alinunuliwa akiwa msichana, akawekwa kwenye shimo la udongo. Wengine huupima kwa mkono, yeye aliuonja. Ukilia mchanga kati ya meno, basi: "Nani kachimba kwenye njia ya ng'ombe?" na aliyechimba anarudi mtoni na kikapu chake, hata mvua inyeshe. Baadaye akapewa visu vya mfupa, akaanza kuchonga. Mwaka mto ulipofika mpaka kwenye tanuri, watu walikimbia na nguo zao, yeye akatoka na kalibu za jasi za kufinyangia taa kichwani, kwa sababu jasi ikilowa imekwisha. Miguuni hakuwa na kitu. "Viatu vinauzwa sokoni," alisema. Mwaka huohuo bwana Sura akampa uhuru wake. Kesho yake asubuhi alikuwa kazini, amechelewa kidogo, ana viatu vipya.

Lakini kazi yake hasa ni taa mama. Hii ni taa ya udongo iliyojaa ndani, haina tumbo la mafuta wala tundu la utambi. Inachongwa, inachomwa, kisha jasi inamwagwa juu yake kupata kalibu, nusu ya juu na nusu ya chini. Humo ndimo tunamokandamiza udongo wa taa zote za kuuza. Udongo husinyaa tanurini, kwa hiyo mama lazima awe mkubwa kuliko watoto. Mkubwa kiasi gani? Charito anajua kwa kidole gumba.

Majira ya baridi yaliyopita, mama wa taa za mwaka mpya alianguka akapasuka ubavu. Ni ile yenye picha ya Ushindi, mwanamke mwenye mabawa na ngao, ambayo taa zake mji mzima hupeana kama zawadi mwezi wa Januari. Msimamizi wetu Cerdo alikuwa na haraka. Akachukua taa iliyokwisha kuchomwa, akamwagia jasi, akapata kalibu. Kalibu hiyo ilipochakaa, akarudia kwa taa iliyotoka humo humo. Kila mara taa ikasinyaa tena, ikabeba mafuta machache zaidi, na picha ikafifia. Sisi tulizishika kutwa nzima, hatukuona kitu.

Aliyeona ni Galla, mwenye nyumba ya wageni ya karibu na lango la mashariki. Aliingia na taa mbili, ya zamani na mpya, akazigonga mezani. "Taa zenu siku hizi zinazaa? Hii inazimika wageni wangu hawajamaliza supu! Na huyu juu ni Ushindi au kuku aliyenyeshewa?"

Tulicheka, halafu tukaacha. Wateja wa mwaka mpya walikuwa wameshaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Bila mama mpya kabla ya Desemba, karakana ingebaki na vyungu tu. Na mtu pekee wa kumchonga alikuwa Charito, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba aliwasalimu punda wa wateja.

"Macho je, mama?" bwana Sura alimuuliza.

"Macho ni ya kuwaangalia wavivu. Mabawa nachonga kwa vidole."

Mama wa kwanza alipasuka akiwa anakauka. Charito akaloweka udongo mwingine. Wa pili alitoka tanurini mzima mwezi uliopita, kila unyoya mahali pake. Galla amenunua taa za kutosha vyumba vyake vyote, na ametukana kidogo tu.

Asubuhi ya leo tulimletea zawadi ya kumuaga, taa ya shaba. Aliigeuzageuza. "Shaba? Kwani udongo wangu una nini?" Akaomba taa mama ya zamani, ile yenye ufa, akazuilie mlango wake. Cerdo alishtuka. "Tuiache rafuni, mama, endapo tutakuwa na haraka..."

"Endapo ndiyo iliyotuletea kuku."

Siku ya Saturno hakuna anayenyimwa. Ameichukua: imezaa taa za mji mzima, yenyewe haijawahi kunusa mafuta. Rafuni sasa yuko mama mpya peke yake, hana wa kumsaidia akianguka. Cerdo amemsogeza ndani kidogo, akamsogeza tena. Kisha akashuka shimoni, nasi tukamwona akitia udongo mdomoni.

Asante, Charito. Mlango wako ukae wazi, utambi wako usikauke, na kila unachoonja kuanzia leo kiwe chakula.