Kabichi Yenye Pembe ya Athieno

Benchi letu liko Busia, upande wa Uganda, kando ya jiko la kahawa la Maloba. Yupo Profesa Engole, aliyepiga kengele ya shule miaka tisa na kwa hiyo anajua kila kitu. Yupo Okanya wa bodaboda, tunayemwita Pasipoti kwa kuwa huvuka mpaka kutwa na hajawahi kuwa nayo. Alhamisi hiyo mama mmoja wa Kisoko, Athieno, alitua gunia mbele yetu akaanza kulia. Mbegu alizouziwa kuwa ni za kabichi zilikuwa zimezaa kitu cha kijani chenye pembe. Soko zima limekikataa, na shamba lake lote ni hicho hicho.

Maloba akainua kimoja. Kila pembe ilikuwa imejaa pembe ndogo, na kila pembe ndogo imejaa nyingine, zikijizungusha kama konokono.

— Hii iko na mimba, akasema Pasipoti. Na mimba yake iko na mimba.

— Nyamaza. Hiyo inaitwa fraktali, akasema Profesa. Mjukuu wangu alinionyesha kwa simu. Kipande kinafanana na kitu kizima, na kipande cha kipande vilevile. Tazama mti: tawi ni mti mdogo, kitawi ni tawi dogo. Ndiyo wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Jembe limeingiaje hapo, mzee?

— Fikiria polepole.

Tukafikiria. Kusema kweli, tulishindwa kuacha kukitazama. Jicho likishuka kwenye pembe moja linakuta pembe zingine za kushukia. Kahawa zikapoa mikononi.

— Sasa mwisho yake iko wapi? akauliza Maloba.

— Haina mwisho. Hata Busia ni fraktali. Iko Busia wilaya, ndani yake Busia mji, ukivuka mpaka Busia ingine. Kila Busia iko na benchi, na kila benchi iko na Pasipoti.

Okanya akasimama.

— Huyo mwingine anaendesha pikipiki ya nani?

— Yako. Lakini ndogo.

— Kumbe ndiye anamaliza petroli yangu!

— Wazee, akasema Athieno, mimi nalia, nyinyi mnagawana pikipiki?

Ndipo akafika Prossy, mwenye hoteli ya jirani, kikombe mkononi. Akatazama gunia.

— Ladha yake ikoje?

Profesa akatazama mawingu. Pasipoti akakagua tairi. Hata Athieno hakuwa amethubutu kuonja. Akafuta machozi, akavunja pembe moja, akatafuna. Sote tukautazama mdomo wake.

— Kabichi, akasema. Akatafuna tena. Kabichi, lakini tamu zaidi!

Prossy akaonja, akalivuta gunia lote upande wake.

— Kesho niletee mengine. Lakini kwa ubao niandike ugali na nini?

Wanaume wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Athieno akachukua chaki, akaenda akaandika mwenyewe: POSHO NA ATHIENO.

Saa saba mchana nilimsikia dereva wa lori akiagiza Athieno mbili, moja isiwe na pilipili.