Shangazi Aliyemtafutia Pweza Majirani

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Shangazi wa Mapokezi atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kliniki yetu ya meno. Wengi wenu mnaosoma jarida hili mlimkuta hapa. Mimi, fundi wa meno bandia, nilimkuta pia, na siku yangu ya kwanza alinipa kitambaa nifute kioo cha tangi la pweza kabla hata sijaonyeshwa meza yangu.

Alianza akiwa msichana wa kusafisha vyombo vya daktari. Miaka minne baadaye akapewa mapokezi, kwa sababu alikumbuka jino la kila mgonjwa hata pale aliposahau jina la mwenye jino. Ukikutana naye sokoni atakusalimia vizuri, awaulizie watoto wako, kisha aulizie gego lako la kushoto mbele za watu.

Lakini ukimsifu Shangazi bila kumtaja pweza, umeacha nusu ya habari. Miaka kumi na moja iliyopita Daktari alinunua tangi kubwa la kioo, akaliweka kwenye chumba cha kungojea, akatia ndani pweza mdogo wa rangi ya matofali. Alitaka watoto wapate cha kutazama badala ya kusikiliza mashine ikilia chumba cha pili. Watoto walimpenda mno. Shida ni kwamba pweza hula kama mgeni asiyejali nani ataosha vyombo: huvunja kaa, hula nyama, hutupa magamba kila kona. Mwezi haukuisha kioo kikawa na ukoga wa kijani, na chumba kikanuka kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa juani.

Kazi ya kumtunza ilimwangukia Shangazi, maana meza yake ndiyo iliyokuwa karibu. Akadhani pweza ana upweke. Akamnunulia samaki watatu wa manjano, wazuri kama hereni. Kesho yake asubuhi tulikuta miiba mitupu. Shangazi alijifungia chumba cha kuchemshia vyombo, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba aliwatia mle kwa mikono yake mwenyewe, tena huku akiwaambia, "Karibuni."

Mara ya pili alileta kaa wadogo wanaotembea na magamba ya konokono mgongoni, aliosikia ni wafagiaji hodari. Walifagia siku tatu. Siku ya nne, chumba kimejaa wagonjwa, pweza akaanza kuwachomoa mmoja mmoja kama mtu anayemenya karanga. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mama, anawala wenzake!" Akina mama watatu walichukua watoto wao wakaondoka. Jioni ile Daktari, ambaye ni mpole mpaka aone viti vitupu, akasema, "Shangazi, nakupa wiki mbili. Tangi likiendelea kunuka, pweza anarudi dukani." Muuza samaki wa mapambo alishatuambia wazi kuwa hapokei mnyama aliyekwisha kuuzwa. Kwa hiyo sote tulijua kuwa dukani maana yake sufuriani.

Hapo ndipo nilipomjua Shangazi. Kila mapumziko ya mchana alikwenda kwa muuza samaki, akawahoji wanyama wa watu kama anayemchunguza mkwe mtarajiwa: huyu anakula nini, analala wapi, akikasirika anafanyaje? Jongoo bahari alimkataa, kwani akitishwa anaweza kutoa sumu ikaharibu tangi zima. Wale wa duara wenye miiba mirefu aliwakataa pia, maana ngozi ya pweza ni laini kama ulimi. Mwishowe muuzaji akamwonyesha aina ya kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, ila hawa mikono yao ni myembamba kama kamba za viatu. Hao hujificha chini ya mawe na kuokota makombo, na kwa kawaida pweza hana hamu nao. Shangazi alicheka mpaka akashika kaunta. "Jina lenyewe lilikuwa linaniambia," akasema, "na mimi nahangaika na samaki!"

Alinunua sita, pamoja na konokono wadogo kama vifungo vya shati wa kulamba ukoga. Alijua baadhi ya konokono wataliwa, akakubali. Magamba makubwa aliyatoa mwenyewe kila siku kwa koleo refu la plastiki. Wiki mbili zilipotimia, Daktari aliinama, akanusa, akatazama kioo pande zote. "Abaki," akasema. "Lakini akitoroka, wewe ndiye utakayeziba meno." Siku hiyo hiyo mfuniko ulipata kufuli mbili.

Mwaka uliofuata fundi wa matangi alikuja na chupa ya dawa ya samaki iliyotengenezwa kwa shaba. Shaba humuua pweza. Yule fundi hakuwa amesoma karatasi ya dawa; Shangazi aliisoma. Alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, hadi chupa iliporudi mfukoni.

Pweza haishi sana. Wa kwanza alikufa kwa uzee kabla ya kutimiza miaka miwili, na Shangazi alikuja kazini amevaa nyeusi bila kumweleza mtu. Wamemfuata wengine sita, na kila mmoja amekuta nyumba imefagiliwa. Dereva mmoja wa lori, aliyekwisha kutukimbia mara tatu, alikaa mbele ya tangi lile nusu saa nzima, kisha akaingia kwa Daktari bila kushikwa mkono.

Shangazi, asante kwa miaka yote hii, kwa ukali wako asubuhi na chai yako mchana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na kengele ya saa, na wajukuu wanaokubali kupiga mswaki. Tukikukosa sana tutakuja kwako wote, tena bila miadi.