Mshenga wa Ngumi na Chungwa Lake

Kwa miaka thelathini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kuwatafutia mabondia wetu watu wa kupigana nao. Ijumaa hii, tarehe thelathini, mpangaji wetu wa mapambano anastaafu. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kampuni linasema anaondoka kwa hiari yake. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja tulimwona akilisoma tangazo hilo kwa mara ya kwanza pamoja nasi, amesimama na kikombe cha chai mkononi. Hiari gani hiyo ambayo mwenyewe anaikuta mlangoni kama mpita njia?

Lakini hiki ni kijitabu cha sherehe ya kumuaga, basi tuanze na sifa, maana ni haki yake.

Watu wote wa ngumi wanamwita Mshenga. Jina lilimkaa kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenda nyumba hii na nyumba ile, akidanganywa kote kuwili. Huku anaambiwa kijana ni mpole, kule anaambiwa kijana ana afya. Aliingia kazini akitoka ulingoni, bondia wa uzito wa kati mwenye pua iliyolala upande, aliyepigwa mara nyingi kuliko alivyopiga, na hakuona haya kulisema. "Mimi nilikuwa ngazi," alituambia. "Wenzangu wamenikanyaga wakafika darini. Lakini ngazi haikuvunjika, mnaiona?" Kisha anajipiga kifua mpaka chai inamwagika.

Ofisi yake iko nyuma ya ukumbi wa mazoezi, na kinachoitenga na saluni ya jirani ni ukuta wa mbao. Mshenga huongea na simu kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, ndiyo maana wasusi walikuwa wanajua nani anapigana na nani kabla ya waandishi wa magazeti. Siku moja sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta: "Baba, huyo usimlete! Juzi kapigwa na shemeji yangu pale stendi, tena shemeji yangu mwenyewe mgonjwa!" Mshenga akaomba maelezo, akaridhika, akampigia simu kocha wa kijana yule kumwambia ampumzishe.

Tajiri mmoja aliwahi kumwomba amtafutie mwanawe mpinzani mwenye jina kubwa lakini asiye na ngumi. "Nitakuletea mwimbaji," akamjibu. Na alipoombwa na dada yake amkague kijana aliyekuja kumposa binti, alimrushia chungwa katikati ya mazungumzo ya wazee. Kijana alilidaka kwa mkono wa kushoto bila kukatisha sentensi yake. "Mpeni mke," Mshenga akatangaza. "Ila msigombane naye."

Sasa tuseme lile ambalo sherehe za namna hii huliruka.

Mtazamaji anayelipa kiingilio anadhani bingwa hupigana na yule anayemfuata kwa ubora. Bingwa huchagua. Anakaa na watu wake, wanatazama mikanda ya video, wanamtafuta mtu ambaye jina lake litauza viti na miguu yake haitaleta matata. Anayetisha anaambiwa asubiri, na anasubirishwa hadi magoti yake yaanze kulia, siku yakilia, simu inapigwa: "Ndugu yangu, zamu yako imefika!" Mrefu anakataliwa kwa urefu wake. Aliyekubaliwa anapewa taarifa mwishoni mwishoni, apunguze uzito kwa kukimbia juani na koti la plastiki, apande ulingoni amekauka kama kuni. Kisha bango linamwita hatari.

Mshenga hakuwa malaika katika hili, wala hataki tumpake rangi. Aliamini kijana anayeanza anahitaji watu wa kuwashinda, kama mtoto anavyohitaji ukuta wa kushika anapojifunza kutembea. Bingwa wetu wa sasa alipanda kwa kuletewa wavivu, waoga na waliochoka, na aliyewaleta ni Mshenga. Alikuwa na mpaka mmoja tu. Mpinzani anaruhusiwa kushindwa. Kinachotakiwa ni arudi kwake akiwa mzima.

Mpaka huo aliulinda kwa chungwa. Ubao wa herufi wa kupimia macho uliomo katika chumba cha daktari wa mapambano haujabadilishwa tangu zamani, na mabondia wameukariri. Wanafundishana kwenye mabenchi, mstari kwa mstari, kama watoto wanaofundishana wimbo. Daktari anajua, na kila mwaka huomba vifaa vingine, na kila mwaka huambiwa mwakani. Kwa hiyo Mshenga alimwita kila mpinzani ofisini, akampa chai, akamuuliza habari za watoto, na katikati ya maongezi akamrushia chungwa taratibu, kutoka kulia, halafu kutoka kushoto. Akilidaka, pambano lipo. Asipolidaka, Mshenga analiokota, analimenya, wanagawana, na pambano limekufa. Hakuna aliyewahi kubishana na chungwa hilo. Mpaka mwaka huu.

Mwenye haki ya kumkabili bingwa wetu ni kijana tunayemwita Mashoto, na sababu ya jina hilo anaijua kila aliyepigwa naye. Mwanzoni aliambiwa hana jina. Akapigana akalipata, akaambiwa mtindo wake hauvutii. Akawaangusha watu mapema, akaambiwa anamaliza haraka mno, watazamaji hawashibi. Aliyekuwa akimpa majibu hayo ni meneja wa bingwa, kaka wa mke wa bingwa, ambaye sote tunamwita Shemeji. Na baada ya kumzungusha Mashoto kiasi hicho, Shemeji akaja na chaguo lake: Fundi.

Wenye umri wetu wanamkumbuka Fundi. Aliwahi kuuvaa mkanda huohuo wa ubingwa, akauvua kwa heshima, akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza mabomba ya maji. Jina lake bado linajaza ukumbi. Mshenga akamwita chai. Chungwa la kulia alilidaka, wakacheka. La kushoto likampiga sikioni.

"Mzee, nilikuwa nawaza bomba la watu nililoliacha wazi," Fundi alisema, bado anacheka.

Likarushwa tena. Likampiga tena, likabingirikia chini ya meza, na Fundi akainama akawa anapapasa upande ambao halikwenda. Aliponyanyuka hakuwa anacheka. "Kaka, usinifungie mlango," alisema. "Najua nitapigwa. Kupigwa nimekuzoea." Mshenga aliliokota chungwa, akaanza kulimenya.

Kesho yake Shemeji aliingia ofisini bila kubisha hodi, bingwa nyuma yake. "Wewe kazi yako kuleta mtu," alifoka. "Nani kakutuma ulete na habari za macho yake?"

Bingwa alikuwa anachokonoa meno. "Mzee, mimi sikuchagua kipofu," alisema kwa upole. "Nimechagua jina."

"Basi pigana na jina," Mshenga akamwambia. "Mtu mwachie mkewe."

Ng'ambo ya ukuta wa mbao, hata mashine za kukaushia nywele zilizimwa. Wiki hiyohiyo tangazo la hiari likabandikwa mlangoni. Mpangaji mpya anaanza Jumatatu, chungwa hana, na pambano la Fundi liko palepale, Jumamosi inayofuata hiyo Jumatatu.

Tumeambiwa bingwa ana haki ya kuchagua. Anayo. Tumeambiwa pia kwamba Fundi ni mtu mzima na amekubali mwenyewe. Kweli, amekubali. Mtu mwenye nyumba ya kulisha hukubali mengi, na ndiyo sababu mahali kama hapa pakawekwa mtu wa kukataa kwa niaba yake. Mtu huyo tumemwondoa, halafu tunamkatia keki.

Na wewe, bingwa, unayeogopa ngumi ya kushoto ya Mashoto, sema unaiogopa! Tutakuheshimu, hata Mshenga aliogopa watu, na huwataja kwa majina akicheka. Lakini kumkwepa anayeona vizuri, ukaenda kumtafuta asiyeona upande mmoja, ukampiga kutoka upande huohuo, kisha ukainua mikono juu na kumshukuru Mungu mbele ya watoto, hilo ni jambo la kumhukumia mtu mahakamani, si la kumvalisha mkanda.

Utauliza kwa nini tunamwanika Fundi katika kijitabu cha sherehe ya mwenzake. Tulimwendea mkewe kwanza. Alitusikiliza huku anakunja nguo, akasema: "Andikeni. Atanuna, ataacha kula, baadaye atakula. Aibu inapita. Akipofuka, wa kumshika mkono kumpeleka chooni ni mimi, bingwa hatakuwepo."

Kwa hiyo tumeandika. Na tumepanga viti. Bingwa, wewe uko meza ya mbele, kama unavyostahili. Fundi yuko meza inayofuata, amekupa bega lake la kushoto. Hapo katikati ya meza yako kuna bakuli la machungwa. Wageni wengine watadhani ni mapambo. Kabla keki haijakatwa, mrushie moja, taratibu, kama unavyomrushia rafiki. Akilidaka, sisi ni waongo, na mkuu wa kampuni atufukuze hapahapa, kipaza sauti kiko wazi. Asipolidaka, ukumbi mzima utakuwa umeona, na hapo uchague tena mbele yetu: Fundi au Mashoto. Ukikaa tu ukiyatazama hayo machungwa, nalo tutalihesabu kuwa jibu.

Kaka Mshenga, mengine yote ni yako. Tunakushukuru kwa kelele za simu, kwa chai uliyotumwagia, na kwa wanaume wasiojulikana idadi ambao leo wanawaona wajukuu wao kwa macho mawili, na huenda bado wanakulaumu kwa kuwanyima pambano. Mikono yako ipumzike. Tunakuombea siku nyingi za uzima katika nyumba yako, na machungwa matamu ya kula tu, yasiyo na haja ya kurushiwa mtu.